Chumbani na Mlangoni

Mwaka mmoja nilianza Kwaresima kwa azimio la siri. Nitaamka kila siku saa kumi alfajiri, nifunge mlango wa chumba cha mbele, nisali saa nzima, wala nisimwambie mtu. Nilikuwa nimesoma tena sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, ambamo Yesu anawaonya wanafunzi wake wasitoe sadaka, wasisali wala wasifunge ili waonwe na watu. Nikadhani nimepata dawa ya majivuno: nikijificha, nani atanisifu?

Kumbe msifiaji wangu alikuwa humo humo chumbani. Nilikuwa na daftari dogo, na kila nilipomaliza kusali niliweka alama ya vyema. Baada ya siku kumi na mbili nilizitazama alama zile kama mfugaji ahesabuvyo ng'ombe wake jioni.

Mpendwa msomaji, ugonjwa huu ni wa kale. John Cassian, mtawa aliyeishi na watawa wa jangwa la Misri kabla ya kuandika vitabu vyake katika karne ya 5, anasimulia kwamba wazee waliifananisha tamaa ya sifa na kitunguu: ukibandua ganda moja, unakuta jingine chini yake. Asiyenaswa kwa mavazi mazuri hunaswa kwa matambara.

Basi, niache kusali mpaka nia itakate? Nilipata kuwaza hivyo. Lakini mkulima angojaye magugu yaishe ndipo apande, atakufa njaa. Wahenga walisema penye nia pana njia; hawakutuambia tuijue vipi nia yenyewe.

Nilifundishwa na hodi. Alfajiri moja mama jirani alibisha. Mtoto wake alikuwa na homa usiku kucha, naye aliogopa kwenda zahanati peke yake gizani. Nilimsikia vizuri. Zilibaki kama dakika kumi na tano saa yangu itimie. Nikaendelea kusali, tena kwa kunong'ona, ili adhani nimelala. Nilipofungua mlango alikwisha kuondoka.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu, na mama yule hakunilaumu kamwe. Lakini alama ya siku ile mkono ulikataa kuiandika.

Hakuna aliyenitazama alfajiri ile, hata hivyo nilikuwa nikilinda kitu changu. Siri peke yake haitakasi nia. Kama kweli nilikuwa nikizungumza na Mungu, hodi ile ilikuwa sehemu ya mazungumzo. Katika sura ya 25 ya Injili hiyo hiyo watu hawaulizwi walisali saa ngapi. Wanakumbushwa mgonjwa waliyemtazama au waliyempita. Tangu siku ile kipimo changu ni hiki: je, sala yangu yaweza kukatizwa nami nisikasirike?

Bado naamka. Daftari niliwapa watoto wakachoree. Nia yangu ingali na maganda yake, ila sikai tena kuyabandua moja moja, maana kujichunguza nako huweza kuwa namna ya kujitazama. Nasali kwa maneno machache. Na mlango huurudishia tu, komeo silitii.