Ubatizo wa Dharura Si Mazishi

Miaka michache iliyopita, hapa Ngerengere, niliitwa usiku. Msharika mmoja alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto ni mdogo mno, Mchungaji aje haraka ambatize. Nilifika, nikaomba maji katika kikombe, nikambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nikaomba, nikawapa pole jamaa, nikarudi kulala. Niliona kazi yangu imekwisha.

Mtoto aliishi siku tisa. Baada ya maziko, mama yake aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Baba Mchungaji, ulimbatiza kama unamzika. Pole uliitoa mwanangu akiwa bado anapumua."

Alisema kweli. Kabla sijafika, wazee walikuwa wakitafuta gari la kwenda Morogoro mjini. Baada ya pole yangu walinyamaza. Mchungaji keshamkabidhi kwa Mungu, nani tena ashindane? Gari liliondoka kesho yake. Sijui kama saa zile zingemwokoa. Najua kwamba mimi ndiye niliyezipoteza.

Je, kumkabidhi mtoto kwa Mungu na kumpigania ni mambo yanayopingana? Wako washarika wanaoamini hivyo. Husema Mungu ndiye apangaye siku zetu, na kuhangaika na mtoto njiti ni kukosa imani. Nusu ya neno hilo ni kweli: uhai si mali yetu. Lakini Luther alitufundisha tusiyachunguze mapenzi ya Mungu yaliyofichika. Tushike yale aliyotufunulia. Na katika mafundisho ya kipaimara sote tulijifunza kwamba amri ya kutoua haiishii katika kutomdhuru jirani. Inatudai tumsaidie katika mahitaji ya mwili wake. Mtoto wa kilo moja na robo ni jirani.

Tena, tunapombatiza tunamtaja jina mbele ya mashahidi. Tangu hapo ni ndugu yetu, nasi tuna deni kwake. Kanisa letu linaruhusu Mkristo yeyote abatize penye hatari ya kufa, maana maji hayakosekani. Joto nalo halikosekani. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, Daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi na mashine za joto chache. Akawaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 kutoka nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali itulie, vifo vinapungua kwa robo. Kifua hakichukui nafasi ya hospitali. Oksijeni na dawa bado vinahitajika. Lakini mtoto anayesafirishwa kwenda hospitali akiwa kifuani mwa mama yake, amefunikwa khanga, hasafiri na baridi.

Najua wapo watoto wanaozaliwa na hali ambazo tiba haiziwezi. Siku daktari na wazazi watakapokubaliana kwamba matibabu zaidi ni mateso tu, kuacha si dhambi. Hata hapo deni halijaisha: apunguziwe maumivu, abebwe, aitwe kwa jina lake hadi mwisho. Hatumpendi kwa sababu atapona. Tunampenda kwa sababu tumepewa.

Yule mama bado ni msharika wetu. Hakunitaka nimwombe radhi mara ya pili, alitaka nibadilike. Kwa hiyo nikiitwa usiku sasa, nabatiza kama zamani, kisha neno langu la kwanza kwa mama ni hongera. Halafu nauliza: ana joto? Amepata maziwa? Nani amepiga 115 kuomba gari la dharura? Mzee wa kanisa hushika simu, mimi hushika taa, na hatuondoki mpaka gari lifike.