Kufuta Picha si Kufuta Mionzi

Hospitali moja ya mkoa ilipopata eksirei ya kidijitali, chumba cha giza kilifungwa na dawa za kusafishia filamu zikatolewa. Zamani picha ikiharibika, filamu yake ilitupwa kwenye boksi. Mwisho wa mwezi mkuu wa kitengo alizihesabu, akauliza nani kaharibu na kwa nini, maana kila filamu ilikuwa fedha. Sasa picha mbaya ilifutwa kwa kubonyeza kitufe, na hakuna aliyeulizwa.

Kijana mmoja wa kitengo hicho, mwepesi wa mikono, alizoea haraka. Mgonjwa akilala vibaya: "Turudie, mama." Akitikisika: "Mara ya mwisho, mama." Bibi mmoja mwenye maumivu ya kiuno alipigwa picha ya kiuno kwa ubavu mara nne ndipo ikapatikana picha safi. Daktari aliletewa hiyo moja, akaisifu. Na kiuno si kifua: picha yake moja hubeba mionzi ya makumi ya picha za kifua.

Kijana aligundua jambo jingine. Filamu iliyozidishiwa mionzi ilitoka nyeusi tii, ikamuumbua mpigaji. Kompyuta husawazisha weusi na weupe yenyewe. Mionzi ikipungua picha hujaa chengachenga, ikizidi hutoka laini, ya kupendeza. Basi akawa anapandisha vipimo vya mionzi kidogo kidogo, na sifa zikaongezeka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mkaguzi wa mionzi alipofika hakutazama picha zilizobaki. Alifungua kumbukumbu za mashine, ambayo ilikuwa imeandika kila mpigo. Mwaka 2015 chama cha wanafizikia tiba cha Marekani kilishauri lengo la picha zinazokataliwa liwe asilimia 8, na zikifika 10 sababu itafutwe. Hapa zilikuwa zimepita mbali, na nyingi ziliharibika kwa sababu moja: mgonjwa hakulazwa sawasawa.

Kijana hakufukuzwa. Iliamriwa tu kwamba picha isifutwe bila kuandikiwa sababu, na sababu hizo zijadiliwe kila mwezi mbele ya wote, pamoja na kipimo cha mionzi.

Funzo: mashine iliyofanya kosa lisiwe na gharama kwa mpigaji haikuiondoa gharama hiyo, ilimbebesha mgonjwa, asiyejua hata kwamba anadaiwa. Ewe unayeshika kitufe, mweke mgonjwa vizuri, mweleze lini abane pumzi, kagua vipimo, ndipo ubonyeze. Na ukikosea, andika.