Sauti Mbili na Mpigo wa Tatu

Jioni moja walinijia vijana wawili niliopata kuwafundisha, wakaazi wa Makongeni, mtaa wa mashariki ya Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Walikuwa wametunga muziki katika kompyuta moja, usiku baada ya usiku, na sasa walikuwa wamekosana. "Mwalimu," akasema mmoja, "tuamulie. Sehemu yangu ni ipi, na yake ni ipi?" Nikausikiliza muziki wao mara tatu. Ulikuwa mvumo mrefu na mzito, mfano wa garimoshi linalopita usiku lisilokwisha kupita. Sikuweza kuwagawia, wala sioni aibu kukiri hivyo.

Muziki wa mvumo una wapenzi katika nchi nyingi. Wengine huupiga kwa gitaa za umeme, polepole mno, kwa sauti inayotetemesha kifua, na noti moja ikadumu kitambo kirefu. Mwaka 2006 makundi mawili yenye sifa katika upigaji huo, Sunn O))) la Marekani na Boris la Japani, yalitoa albamu moja iitwayo Altar. (Alama zile za mwisho katika jina la kundi la kwanza hazitamkwi, huonwa kwa macho tu.) Makundi mawili yanapotoa sahani moja, aghalabu hugawana: hawa upande huu, wale upande ule, kama wapangaji waliotenganishwa na ukuta. Haya yaliubomoa ukuta. Yalipiga pamoja, hata msikilizaji hawezi kusema kwa yakini ni mkono wa nani uliogusa waya upi.

Wala hapana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997 na ajulikanaye kwa jina la KMRU, ni mjukuu wa Joseph Kamaru yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu huyu hunasa sauti za mahali alipo akazifuma katika mvumo. Mwaka 2022 yeye na Aho Ssan, msanii wa Paris, walitoa pamoja albamu iitwayo Limen, neno la Kilatini lenye maana ya kizingiti. Na kizingiti, msomaji, ni cha chumba kipi kati ya vyumba viwili kinavyovipakanisha?

Wako watakaosema ya kuwa mchanganyiko wa namna hii ni hasara, kwamba mtu hujulikana kwa kazi yake, na kazi isiyo na mipaka haina mwenyewe. Hoja hii siidharau. Nimekwisha kupokea kazi nyingi za vikundi ambazo mwanafunzi mmoja aliandika na wanne wakatia majina yao. Mvivu hupenda umoja kwa sababu ndani yake kuna mahali pa kujificha. Kadhalika mwenye nguvu huweza kuupenda kwa kuwa humo humezwa jasho la mnyonge pasipo mtu kuona. Nikiambiwa ya kuwa watu wamefanya jambo kwa ushirikiano, huuliza kwanza nani alikesha.

Walakini iko tabia moja ya sauti ambayo imenifanya niifikiri hoja hiyo upya. Chukua waya unaotetemeka mara 110 kwa sekunde, na mwingine unaotetemeka mara 112. Ukiupiga kila mmoja peke yake, utasikia sauti iliyonyoka tu. Ipige pamoja: papo hapo sauti itaanza kupanda na kushuka, mara mbili kwa kila sekunde, kama moyo udundavyo. Mpigo huo hautoki katika waya wa kwanza wala katika waya wa pili. Nyamazisha mmoja, nao mpigo hufa. Na tena, jambo ambalo mimi naliona zito zaidi: ukikaza ule wa kwanza hata ulingane barabara na mwenzake, mpigo hufa vile vile. Kwa hiyo haihitajiwi kwamba mmoja amezwe na mwenziwe wala afanane naye. Yahitajiwa abaki na tofauti yake ndogo, na asitoke.

Sheria nayo imelionea jambo hili mbali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaitambua kazi ya watunzi wa pamoja, ambayo mchango wa mmoja hauwezi kutengwa na wa mwenzake.

Basi wale vijana nikawaambia wasiniulize mimi, bali waiulize kazi yao. Kila mmoja aondoe yaliyo yake, kisha wasikilize yaliyobaki. Wakafanya hivyo pale pale mezani pangu. Wa kwanza alipoondoa yake, ilibaki sauti bapa kama ya jokofu la dukani. Wa pili alipoondoa yake, ikabaki nyingine, bapa vile vile. Wakatazamana. Hawakusema neno kwa muda, na nje kondakta wa matatu alikuwa akiita abiria.

Kisha yule mdogo akauliza, "Sawa, Mwalimu. Lakini katika kuandika, jina la nani litangulie?" Nikashauri wafuate alfabeti. Mwenzake, ambaye jina lake laanza kwa herufi W, akacheka kicheko kisicho na furaha, akaniuliza kama wakati wote wa shule sikupata kuona nani huitwa mwisho.