Nani Anaongoza Harusi Yako?



Mpendwa kijana mwenzangu, leo nataka nikusimulie kikao kimoja cha kamati ya harusi, halafu tufungue pamoja Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 8. Utaona mwenyewe vinakutana wapi.

Kikao kilikuwa cha tano, barazani kwetu, Jumapili jioni mwezi wa sita. Harusi ilikuwa yangu. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alifungua daftari akasoma: bajeti ya sherehe ya kuniaga, ile tunayoiita sendofu, shilingi milioni 9. Ahadi, milioni 5. Taslimu mkononi, milioni 1 na laki 3. Na hapo kicheni pati ilikuwa haijahesabiwa, wala ukumbi wa upande wa mwanamume. Akafunga daftari akasema, "Tarehe tuisogeze mbele." Ilikuwa mara ya tatu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mchumba wangu ni fundi umeme. Nikauliza kama tunaweza kupunguza. Baba mdogo akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, huwezi kuolewa kama mtu aliyetoroshwa."

Jioni ile mchumba wangu alinisindikiza hadi kona ya dukani. Akasema taratibu, "Hivi kwa nini usihamie tu? Chumba kipo, kodi nimelipa miezi sita. Ndoa tutafunga hela ikipatikana. Mbona watu wote wanafanya hivyo?"

Naomba usimhukumu. Ni mtu wa kwaya, na mchumba mwema. Mimi mwenyewe sikumjibu, na si kwa hasira. Nilinyamaza kwa sababu maneno yake yalikuwa yameniingia. Yalikuwa na akili.

Lakini usiku nilimkumbuka dada yangu. Yeye alihamia kwa mwenzake miaka tisa iliyopita, kwa maneno hayohayo. Wana watoto watatu, wanapendana, wanafanya kazi kwa bidii. Wanasubiri "harusi ya maana". Kila Jumapili anakuja Misa, na wakati wa Komunyo husogeza magoti pembeni ili wengine wapite. Miaka tisa anasogeza magoti. Hakuna siku aliyoamua kumwacha Mungu. Aliamua tu kusubiri kidogo, kama wengine.

Sasa tuje kwa Samweli. Amezeeka, na wanawe aliowaweka kuwa waamuzi kule Beer-sheba wanakula rushwa. Wazee wa Israeli wanakusanyika, wanamfuata Rama, wanamwomba awawekee mfalme wa kuwaongoza, kama walivyo nao mataifa mengine yote. Tuwe wa haki: malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Wale vijana walikuwa wabovu kweli. Tena ukisoma mpaka sura ya 12, Samweli anawakumbusha kwamba walikuwa wamemwona Nahashi, mfalme wa Waamoni, anawajia. Yaani walikuwa na shida, na walikuwa na hofu.

Kosa lao halikuwa kuona shida. Kosa lilikuwa pale walipotafuta dawa: hawakumuuliza Mungu afanye nini, waliangalia jirani anafanya nini. Samweli alipokwenda kusali kwa uchungu, Mungu alimwambia asidhani wamemkataa yeye. Waliyemkataa ni Mungu mwenyewe, asiwe mfalme wao.

Hapo ndipo niliposhtuka. Wazee wale hawakusema hata neno moja dhidi ya Mungu. Hawakuabudu sanamu siku ile. Walisema tu "kama wengine". Na Mungu akasikia ndani ya maneno hayo kwamba amevuliwa ufalme.

Angalia pia Mungu anavyowajibu. Hakuwafungia njia. Aliwaambia bei kabla hawajanunua. Samweli anawasomea orodha: mfalme huyo atachukua wana wenu kwa ajili ya magari yake ya vita, atachukua binti zenu wawe wapishi na waokaji, atachukua mashamba yenu mazuri, mizabibu na mizeituni, atachukua sehemu ya kumi ya nafaka na ya mifugo. Ni kuchukua, kuchukua, kuchukua. Mwishoni ninyi wenyewe mtakuwa watumwa wake.

Na sisi tunaye mfalme wa namna hiyo. Jina lake ni Watu Watasemaje. Anachukua mshahara ambao haujaingia. Mwalimu mwenzangu alikopa mkopo wa kausha damu ili amalizie pesa ya ukumbi, na mwaka wao wa kwanza wa ndoa karibu wote ulikwenda kwa mkopeshaji. Anachukua usingizi. Anachukua mazungumzo ya wachumba: mimi na mwenzangu tulikuwa tumemaliza miezi minne tukizungumzia rangi ya mapambo, na hatujawahi kukaa chini kuzungumza tutasali vipi nyumbani kwetu. Na kwa dada yangu alichukua Komunyo.

Kabla sijaendelea, najua kuna mtu anasema: kwa hiyo michango ni dhambi? Utamaduni wetu ni dhambi? Hapana. Nikikujibu hivyo nitakuwa nakudanganya. Watu kuchangiana ni jambo jema sana. Nimeona jumuiya yetu ikimzika mtu asiye na ndugu, kwa michango hiyohiyo. Na Bwana Yesu mwenyewe alikwenda harusini Kana, divai ilipoisha hakuwahubiria kuhusu anasa, aliwaambia wajaze maji mitungi sita ya mawe. Mungu hachukii sherehe.

Ila tusome na Kitabu cha Tobiti, ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu. Tobia anafika nyumbani kwa Ragueli, chakula kinaandaliwa, naye anakataa kula mpaka suala la Sara limalizwe kwanza. Basi Ragueli anamkabidhi binti yake, hati ya ndoa inaandikwa, ndipo wanakula na kunywa. Usiku wawili hao wanasimama kusali. Baada ya hapo ndipo Ragueli anafanya sherehe ya siku kumi na nne. Siku kumi na nne! Hakuna kamati ya kwetu iliyowahi kufikia hapo. Lakini angalia mpangilio: agano, sala, halafu sherehe. Sherehe ililifuata agano. Sisi tumegeuza, agano linaisubiri sherehe.

Kwa hiyo swali la kuupima utamaduni si kama ni wa kisasa au wa mababu, wala kama ni wa gharama au wa bei nafuu. Swali ni: nani ametangulia na nani anafuata? Kitu chema kikikubali kufuata, ni baraka. Kitu hichohicho kikitaka kutangulia mbele ya Mungu, kimekwisha kuwa mfalme. Na utakijua kwa jambo moja: kitaanza kukuomba usogeze tarehe ya kumtii Mungu.

Wiki ile tulikwenda wote wawili kwa Paroko. Akatuuliza, "Mnasubiri nini?"

"Hela, Padre."

"Hela ya nini? Mimi sijawadai."

Tukacheka, lakini yeye hakucheka. Akatuhesabia kwa vidole: vyeti vya ubatizo na kipaimara, mafundisho ya ndoa, matangazo Jumapili tatu, na siku yenyewe padre na mashahidi wawili. Akatueleza kwamba wanaopeana sakramenti hii ni ninyi wawili wenyewe, kwa ridhaa yenu mbele ya Kanisa. Ukumbi haumo. Keki haimo. Kisha akatuambia tukasome Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aya ya 212. Tulisoma kwenye simu tukiwa kwenye daladala. Papa Fransisko anasema humo kwamba maandalizi ya sherehe huwamaliza wachumba hela, nguvu na furaha, hata wanafika kanisani wamechoka, na kwamba wapo wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa kabisa kwa sababu ya gharama hizo. Anawasihi wachumba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti. Mchumba wangu alisoma, akanirudishia simu, akatazama nje mpaka tukafika kituoni. Halafu akasema, "Ile habari ya kuhamia, nisamehe."

Kazi ngumu ilikuwa kwa Mama. Nilipomwambia tunataka kufunga ndoa Misa ya Jumamosi asubuhi, na chakula cha mchana hapahapa nyumbani, alilia. Akasema, "Mimi nimechanga harusi za watu miaka ishirini. Leo zamu yangu, unaninyima?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nakuomba na wewe usiwe nalo. Mama hakuwa anaongea kiburi. Alikuwa anadai heshima aliyoilipia kwa shilingi elfu kumi kumi za kuuza mboga. Amri ya Mungu inasema tuwaheshimu wazazi. Nilipiga magoti nikamwambia, "Mama, sikunyimi. Nakuomba baraka yako, kwa sababu hiyo ndiyo siwezi kuolewa bila kuwa nayo. Ukumbi naweza." Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, akiwa anachambua mchele, akauliza bila kuniangalia, "Hiyo Misa ni saa ngapi?"

Tulifunga ndoa mwezi wa nane. Waliotoa taslimu tuliwaeleza wazi kwamba pesa yao ndiyo imenunua mchele na nyama, na wote walikaribishwa kula. Hakuna aliyedai kurudishiwa.

Lakini sitaki nikupambie. Baba mdogo hakuja. Hadi leo salamu zake kwangu ni fupi. Katika kundi la WhatsApp la ukoo kuna aliyeandika kwamba bila shaka nina mimba. Sikuwa nayo, lakini huwezi kumwambia kila mtu. Niliumia. Kumwamini Mungu aongoze hakujanipa harusi ya kusifiwa, wala hakujaniondolea aibu. Nilichopata ni kwamba nilisimama mbele ya altare nikiwa nimelala usiku, sina deni la mtu, na nilisikia kila neno nililolisema.

Naona sasa kwa nini Waisraeli walitaka mfalme. Mfalme anaonekana. Ana farasi, ana watu wanaomtangulia, majirani wakimwona wanajua una kiongozi. Mungu haonekani. Kumwamini kiongozi asiyeonekana, katikati ya watu wanaohesabu vinavyoonekana, kunakufanya uonekane kama mtu asiye na mtu. Hofu iko hapo. Mtume Paulo anapowasihi Warumi, sura ya 12, wasiufuatishe mtindo wa dunia hii, bali wageuzwe kwa kufanywa upya nia zao, anajua kwamba vita inaanzia ndani, kabla haijafika kwa kamati.

Na kama wewe ulishaomba mfalme, ukapewa, na sasa unalia, usikate tamaa. Israeli nao walipewa. Hata hivyo Samweli aliwaambia katika sura ya 12 kwamba Bwana hatawaacha watu wake. Na kutoka katika ufalme huohuo walioudai vibaya, Mungu akamtoa Daudi, na katika ukoo wa Daudi akazaliwa Bwana wetu. Mungu anajua kurudi kuongoza mahali alipoondolewa.

Pengine kwako si harusi. Labda ni cheti ambacho kila mtu ofisini anakirekebisha kidogo, au maisha ya mtandaoni yanayokutaka ukope simu. Kabla hujasema "watu wote wanafanya", jiulize: jambo hili linaniomba nichelewe kumtii Mungu? Linanipa, au linanichukua? Nikilikataa, ninayemwogopa ni nani hasa?

Siku ile ya harusi, jioni, tulikuwa uani na dada yangu tunaosha masufuria. Wageni walikuwa wameondoka. Alikuwa anasugua ukoko wa pilau, hasemi kitu. Kisha akauliza, "Hivi matangazo ni lazima yawe Jumapili tatu?"

Nikamwambia ndiyo, tatu.

Akaendelea kusugua. "Na Padre, ofisini anakaa siku gani?"

Tusali. Ee Bwana, tunakiri kwamba mara nyingi tumekuondoa mbele yetu bila kukutukana, kwa kusema tu "kama wengine". Utangulie tena. Tupe wazee wetu moyo wa kutuelewa, na sisi tupe ulimi wa heshima tunapowakatalia. Wakumbuke wote wanaosogeza magoti pembeni Jumapili hii, uwafungulie njia ya kurudi mezani pako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.