Hakumlenga Tumbusi

Bundi akitua juu ya paa hapa Puge atapigwa mawe. Anayerusha jiwe anajua anamuua nani: eti kaleta mkosi. Ni ujinga, lakini lina mwenyewe kosa hilo. Kinachonisumbua mimi ni kifo cha tumbusi, ambacho hakina mwenyewe.

Fisi kala ndama. Mfugaji anapaka dawa ya shambani kwenye mzoga, anakwenda zake. Fisi pengine hatarudi. Tumbusi watashuka mchana, na jioni wamelala makumi wakiuzunguka mzoga. Haya yametokea kule Ruaha na Katavi, na Masai Mara nchini Kenya. Ukimuuliza atasema, "Nilimtaka fisi." Na hasemi uongo!

Mzee mmoja tulibishana naye juu ya hili. "Mjukuu wangu," akasema, "mkuki ukimpata mwingine ni bahati mbaya." Nikakataa. Babu, mkuki unarushwa mara moja, na aliyeurusha yupo anatazama. Sumu haina shabaha, inamngoja yeyote mwenye njaa. Na mchungaji gani wa Unyamwezi asiyejua ni nani hufika kwenye mzoga? Ng'ombe akipotea si tunatazama juu, wanakozunguka, ndipo tunajua kafia wapi? Basi asiseme hakujua.

Uchungu wa mfugaji naujua. Ng'ombe ni benki, ni mahari, ni ada ya shule. Serikali ilitunga Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi mwaka 2011. Jina lenyewe linakiri kwamba si fidia. Lakini tumbusi hakula ndama akiwa hai. Yeye anazika tu. Jike hutaga yai moja kwa mwaka, na mwaka 2015 IUCN ilimweka tumbusi mwenye mgongo mweupe ngazi moja tu kabla ya kutoweka porini. Huko India miaka ya 1990 nusura waishe kwa diklofenaki, dawa ya kutibu ng'ombe. Hao nao hakuna aliyewalenga. Mizoga ikabaki inaoza, mbwa wakaongezeka, na kichaa chao.

"Sasa fisi tumwachie?" mzee akaniuliza.

Nikamwambia maboma ya miiba tuliyokuwa nayo tumeyaacha yakabomoka. Akacheka, akasema vijana wa kukata miiba wote wamekwenda mjini, nami nikiwamo.