Wanangu, geti halilipi mshahara

Kaeni kwanza, wanangu. Najua mmechoka. Na mimi nimechoka, kwa maana haya niliwaambia wenzenu waliojenga barabara, nikawaambia waliojenga mabwawa ya umeme, na leo nawaambia nyinyi mliotoka kwenye mradi wa mafuta wa Buliisa. Kila Jumatatu mnapanda mlima wa Mbuya hapa Kampala mkae nje ya ofisi ambayo bango lake limeshang'olewa, mkimngoja mkandarasi aliyewapeleka Buliisa. Mlinzi anawaambia mkubwa hayupo. Mnateremka Kinawataka mkiapa kwamba wiki ijayo mtalala mlangoni kwa kampuni ya mafuta yenyewe. Huko nako atawalipa nani, ikiwa majina yenu hayamo katika vitabu vyao?

Mnanijibu kwamba kofia ilikuwa na alama ya mradi, na aliyewahubiria usalama kila asubuhi alikuwa mtu wa kampuni kubwa. Sikatai. Lakini mkataba alitia saini nani? Pesa ziliingia kwenye simu kutoka kwa nani? Kuna mmoja wenu aliyefanya kazi mwaka mzima, nami nilipomuuliza jina kamili la mwajiri wake akanitajia jina la msimamizi na rangi ya gari lake. Mwanangu, kwa rangi ya gari hushtaki mtu.

Sikilizeni mlivyofika hapo. Mafuta ya Ziwa Albert yalithibitishwa mwaka 2006. Mwaka 2016 serikali ikatoa kanuni za kuwapa wananchi nafasi, na aina 16 za kazi na bidhaa zikatengewa kampuni za Uganda: usafirishaji, ulinzi, chakula na malazi, uajiri wa watu, kukodisha kreni, ujenzi, uzoaji taka na nyinginezo. Tulishangilia, na mpaka leo naona kanuni hizo ni nzuri. Ila maana yake ni kwamba kati ya kibarua na kampuni kubwa amesimama mwenzetu, na pengine nyuma yake yupo mwingine aliyempokeza kazi, kila mmoja akikata chake. Ndiyo maana mkidai, huyu anasema hajalipwa na yule, na yule anasema alikwisha lipa zamani. Msiwe wepesi wa kumlaani Mfaransa na Mchina wenye kampuni kubwa. Aliyekula jasho lenu huenda mnasali naye kanisa moja.

Na hao wakubwa nao hupita. Kampuni ya mafuta ya Heritage waliwauzia wenzao wa Tullow sehemu yao mwaka 2010. Mwaka 2020 Tullow wakawauzia Total kwa dola milioni 575, na mwaka uliofuata Total wenyewe wakawa TotalEnergies. Aliyeahidiwa kitu kwa mdomo zama za Heritage, leo akamdai nani?

Mkidhani natia chumvi, waulizeni wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Ilipovunjika mwaka 1977, watu wa reli, posta, bandari na ndege waliamka wakakuta mwajiri hayupo tena duniani. Serikali tatu zikavutana juu ya mali na madeni hadi mkataba wa mwaka 1984. Tanzania peke yake, waliokuwa wafanyakazi zaidi ya 31,000 walikwenda mahakamani, na makubaliano yakaja mwaka 2005. Hesabuni wenyewe: miaka 28. Wengi walikwisha zikwa. Waliobaki, na watoto wa marehemu, walitakiwa waonyeshe karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofunzwa, na mshahara ni mali.

Basi tuje kwenye karatasi zenu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema aliyefanya kazi mfululizo angalau wiki 13 kisha akaachishwa isivyo haki, anaweza kumlalamikia mwajiri kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu, wanangu, na nyinyi mmeshaitumia mingapi kumtazama mlinzi? Akichelewa, lazima aonyeshe sababu ya kuridhisha, na mimi nisingependa kusimama mbele ya mtu nikisema nilichelewa kwa kuwa nilikuwa nimekaa getini. Afisa akimaliza siku 90 bila kuamua, shauri linaweza kupelekwa mahakamani, na Mahakama ya Viwanda ipo kwa kazi hiyo. Hapo mtu atakuwa amesubiri vya kutosha. Subira ya kuisubiri tarehe ipite si subira, ni kumsaidia mdaiwa.

Sasa niseme la kuwaudhi. Si kila aliyetoka Buliisa amedhulumiwa. Kazi ya kusawazisha ardhi, kujenga barabara na kuweka mabomba huisha, na mkataba wa miezi kadhaa ukifika mwisho wake umeisha kihalali. Mkienda kudai mrudishwe kazini, mtashindwa, na kushindwa huko kutafunika deni lenu la kweli. Deni la kweli ni hili: mshahara wa mwezi wa mwisho, saa za ziada, likizo ambayo hamkupewa, notisi kwa yule aliyekatishwa kabla ya wakati. Kisha mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Mwajiri hukukata asilimia 5 naye huongeza 10. Alikata, hilo mnalo kwenye karatasi za mshahara. Je, alipeleka? Fungueni simu muangalie sasa hivi, msiningojee mimi.

Mtaniambia kwamba Waturkana wa Kenya waliandamana Lokichar mwaka 2013 mpaka Tullow wakasimamisha kazi. Kweli, walisimamisha. Lakini wale walikuwa kwenye ardhi yao, na mitambo ilikuwa ikichimba. Kila siku ya kusimama ilimuuma mwenye kampuni. Nyinyi mkilala hapa Mbuya mlimani, nani anaumia isipokuwa migongo yenu na mama anayewadai kodi ya chumba?

Nanyi wakubwa mlio katika ofisi zenye kiyoyozi, msidhani mzee huyu amewasahau. Mnakagua viatu vya kibarua kabla hajaingia langoni, mnapima pumzi yake kama amekunywa, mnajua hata amepanda basi gani. Haiwezekani mshindwe kujua kama amelipwa. Kabla ya kumlipa mkandarasi ankara yake ya mwisho, mtakeni alete orodha ya mishahara na stakabadhi za NSSF. Mkikosa kufanya hivyo, sheria huenda ikawaacha, lakini lawama ni yenu pia.

Nyinyi wanangu, kesho msipande huku. Kaeni pamoja, kila mtu aandike jina lake, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kiasi anachodai, bila kuongeza hata shilingi. Chapisheni jumbe za malipo zilizo kwenye simu. Tafuteni jina la kampuni kama lilivyosajiliwa. Kisha nendeni wote kwa afisa wa kazi, mpeleke nakala mbili, na ile moja msitoke nayo mpaka ipigwe muhuri.