Tumbo la Mtoto Halingoji Meli

Wajukuu zangu, nyie mnaolea hapa Manda na wenzenu mliopanda kwenda Njombe na Makambako kutafuta maisha, nisikilizeni. Mtoto aliyekula maembe mabichi akahara siku moja hanipi shaka; mpeni maji ya chumvi na sukari, mwangalieni. Ninalotaka kuwaambia ni habari ya tumbo linalohitaji kisu.

Kwetu mtoto akilia huku amekunja miguu, jibu la kwanza ni mchango. Anaitwa bibi wa mizizi, tumbo linachanjwa chale, anafungwa kamba kiunoni. Siwezi kuwacheka wanaofanya hivyo, maana ni sisi wazee tuliowafundisha. Lakini kuna ugonjwa wa vichanga ambao ukiupa siku mbili za mizizi umeupa mtoto mzima. Humkuta hasa mtoto wa miezi minne hadi kumi, mara nyingi mnene, mwenye afya yake. Ghafla analia kwa uchungu, magoti yamefika kifuani, kisha anatulia kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya dakika kumi, kumi na tano, anaanza tena. Baadaye anatapika, na kwenye nepi mnaona damu iliyochanganyika na ute. Huko ndani kipande cha utumbo kimeingia kwenye kipande kinachofuata, kama mkono wa shati ulioingizwa ndani yake wenyewe, na damu imekosa njia ya kupita. Wengi hudhani ni kuhara damu, wakanunua dawa dukani.

Akifika mapema, wenye vifaa huweza kuurudisha utumbo kwa kusukuma hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa huku wakitazama picha. Hospitali zetu nyingi hufungua tumbo, daktari akausukuma taratibu kwa vidole hadi ukaachia. Akicheleweshwa, utumbo umeshaoza. Itabidi kipande kikatwe na ncha mbili ziunganishwe. Ni ugonjwa uleule, tofauti ni siku mliyofika.

Kitu kingine cha kukimbia nacho usiku ni matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga. Maziwa yaliyoganda ni meupe, hayo yaacheni. Kijani ni nyongo, na maana yake huenda utumbo umeziba au umejisokota. Uliojisokota huweza kufa ndani ya saa chache.

Sasa pimeni umbali wenu. Makambako ni njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya na ile ya Songea, treni ya TAZARA inapita, na hata usiku gari utapata. Wewe uliyeolewa Lumbila au Kilondo una Milima ya Livingstone mgongoni na ziwa mbele ya mlango. Upepo wa kusini ukiamka, hakuna mwenye mtumbwi wa injini atakayekusikiliza, na meli ina ratiba yake. Kwa hiyo wa mwambao lazima aogope mapema kuliko wa mjini. Uamuzi uwe umefanyika jua halijazama, hata kama wakwe watasema una haraka. Mkikuta daktari wa zamu anasema ni gesi tu, mtarudi mkicheka. Kwangu hiyo si hasara.

Na uamuzi ni wa nani? Hapa ndipo watoto wetu wanapopotelea. Mama amemwona mtoto tangu alfajiri, lakini baba yuko ziwani kuvua usipa, babu mkubwa yuko Ludewa, simu haishiki, basi watu wanakaa. Nyie vijana wa kiume, kabla hamjabeba nyavu semeni mbele ya wazee wenu: mke wangu akiona mtoto anahitaji hospitali, aende, na akiombwa sahihi ya upasuaji, aweke. Mama ni mzazi kamili. Na nauli ya dharura iwekwe mahali anapopajua yeye, siyo kwenye simu mliyoondoka nayo.

Ngiri nayo imezungukwa na maneno mengi ya vijiweni, eti mtoto wa kiume akipasuliwa hatazaa. Uongo. Uvimbe wa kinena unaotokea mtoto anapolia na kurudi anapolala ni tundu ambalo halikufunga kabla hajazaliwa. Halifungwi na mizizi wala mkanda. Upasuaji wake ni mdogo, na hospitali kama Lugarawa au Peramiho si ngeni kwa kazi hiyo. Uvimbe ukiwa mgumu, hautaki kurudi, na mtoto anatapika, msingoje tena tarehe ya kliniki. Kitovu kilichotokeza ni habari nyingine. Kwa watoto wetu wengi hujifunga chenyewe kabla ya miaka mitano. Toeni hiyo sarafu mliyofunga juu yake, inachubua ngozi tu.

Kwa watoto waliofika umri wa shule: taifodi isiyotibiwa vizuri huweza kutoboa utumbo, mara nyingi katika wiki ya pili au ya tatu ya homa. Tumbo linakuwa gumu ghafla, mtoto hataki hata kuguswa. Chemsheni maji ya ziwa, najua kuni ni shida. Minyoo nayo huweza kufanya bonge likaziba utumbo. Dawa ya minyoo ni nzuri kwa mtoto mzima, lakini tumbo likishavimba na anatapika, msimpe nyumbani. Na yeyote anayepelekwa kupasuliwa asilishwe uji njiani, hata bibi akiona huruma. Tumbo lenye chakula ni hatari wakati wa nusu kaputi.

Wapo wanaozaliwa bila tundu la haja kubwa, na wengine matumbo yako nje. Hao msiwafiche, wala msitafute aliyeroga. Utumbo ulio nje ufunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu na nailoni safi juu yake, mtoto awekwe kwenye joto, safari ianze. Utafiti wa hospitali 264 katika nchi 74, uliotoka mwaka 2021, ulikuta kwamba katika nchi maskini watoto 90 kati ya 100 waliozaliwa na utumbo nje walikufa. Katika nchi tajiri hawakufika wawili. Kinachowatofautisha ni joto, dripu, wauguzi na mwendo wa haraka.

Asiye na tundu mara nyingi hutolewa kwanza utumbo kupitia ubavu wa tumbo ili choo kipite. Baadaye hutengenezewa njia yake, mara nyingi kwa namna aliyoianzisha Alberto Peña kule Meksiko mwaka 1980, kisha tundu la ubavuni hufungwa. Hizo ni safari kadhaa, pengine hadi Mbeya au Muhimbili, na baina yake mama hubaki na mtoto mwenye kitambaa tumboni. Pakeni mafuta ya mgando kuzunguka pale ngozi isichubuke, badilisheni kitambaa kila kinapolowa. Mashangazi mnaomkwepa kumbeba, oneni aibu. Mbebeni ili mama yake alale mchana, maana tarehe ya kurudi hospitali ikifika ni yeye atakayekesha naye garini.